Kona ya Chini ya Skrini

Baba alipomaliza kumtaja ng'ombe wa mwisho, idadi yao ikajitokeza yenyewe kwenye kona ya chini ya skrini. Abdia akaiziba kwa kidole gumba.

Tangu asubuhi walikuwa zizini, nje kidogo ya Garsen, baba akimwonyesha mmoja mmoja: yule mweupe wa pembe iliyopinda, yule mwekundu aliyezaliwa Minjila mwaka wa mafuriko. Abdia alikuwa akiwaingiza kwenye kompyuta, kwa ajili ya mradi wa mwisho wa shahada yake ya mifumo ya habari za biashara. Hakumuuliza baba ni wangapi, naye baba hakusema. Kwao, kuhesabu ng'ombe ni kuwaitia balaa.

Lakini mhadhiri alishasema mfumo usiotoa jumla si mfumo, na Abdia akauunda utoe jumla. Hakuwaza kwamba ungeitoa hapa, mbele ya mwenye ng'ombe.

Baba akainama kutazama, ndevu zake zikamgusa binti yake begani.

"Mbona umeweka kidole hapo?"

"Vumbi tu, baba."

Mzee akakitazama kile kidole, kilivyokakamaa mpaka ukucha ukawa mweupe. Kisha akanyoosha mkono wake uliosuguliwa na kamba za ndama, akaufunika mkono wa Abdia wote, na kona ya skrini pamoja nao.

"Vumbi la hapa ni jingi, mama," akasema. "Kidole kimoja hakitoshi."