Kinubi Kilichoanguka

Damu ilikuwa imekaukia ndani ya nakshi za nguzo ya kinubi, na juu yake umenata unywele mfupi mweusi. Fundi aliubandua kwa kucha, akaupuliza.

"Kilianguka," alisema mama mwenye nyumba.

"Kikaangukia kisu?"

Uzi wa kinubi ukikatika wenyewe hufumuka ncha. Nyuzi hizi zilikuwa zimekatwa safi, kuanzia nyembamba hadi nene za waya. Pedali mbili kati ya saba za kukanyagia zilikuwa zimeng'olewa, na ubao wa sauti ulikuwa na tundu la ukubwa wa kisigino cha kiatu.

Mama alicheka kidogo. Alivuta kitambaa chake cha kichwa, kisha akauficha nyuma mkono wa kulia uliofungwa bendeji. Fundi alishauona.

Mume alikuwa amesimama karibu na mlango. Pande la mtu, shati la mikono mirefu, vifungo hadi shingoni, na chumba chenyewe joto kama tanuri. Mkewe alimwambia akae. Akajibu kwamba amezoea kusimama. Kimya kingi kina mshindo mkuu, fundi akawaza, na akamchukia papo hapo.

Kusema kweli, chuki ile ilikuwa ya zamani. Dada yake fundi naye aliolewa na mtu mkimya. Naye alikuwa "akianguka", mara bafuni, mara ngazini, hadi siku alipoanguka asiinuke tena. Fundi alibeba jeneza huku akijiapiza kwamba akimwona mwanamume mwingine wa namna ile hatamwacha hivi hivi.

"Sasa kinafaa kutengenezwa, au tukipasue kuni?" mama aliuliza, akipitisha kucha zake ndefu nyekundu juu ya shingo ya kinubi.

Kucha zile zilimuuma fundi rohoni. Mpiga kinubi hukata kucha hadi karibu na nyama. Maskini mama wa watu, ni muda gani huo hajathubutu kukigusa?

"Kinafaa?" mume naye akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kuhusu kinubi, na sauti ilimtetemeka.

Fundi alikizunguka kinubi tena. Aligonga shingo kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Haikuwa na ufa. Mti wa zamani, mkavu, ambao siku hizi huupati hata ukitafuta kwa tochi.

"Kinafaa," alisema. "Ubao nitaubadilisha, pedali nitazichonga. Lakini sirudishi chombo kwenye nyumba yenye mvunjaji. Nikitengeneze leo, kesho kianguke tena? Bwana, nakuuliza wewe."

Mume alimtazama mkewe, kisha akatazama sakafu.

"Achana nacho, fundi. Tafadhali. Sema tu hakifai," mume alisema.

Hapo fundi akapandwa na mori. Alikunja ngumi, ndani yake ufunguo wa chuma wa kukazia nyuzi, akamtwanga mdomoni. Jino lilidondoka sakafuni. Ngumi ya pili ilipasua nyusi, na damu ikamwagikia shati lililofungwa vizuri.

"Hii ya dada yangu," fundi alisema, akihema.

Pande lile la mtu halikurudisha hata kofi. Liliteleza ukutani hadi chini, magoti kifuani, bila kupiga kelele. Uso aliuacha wazi. Alichokimbilia kuficha ni vidole, vyenye kucha fupi na sugu kwenye ncha. Alivichomeka kwapani, akafumba macho, akangoja.

Fundi aliinua mkono mara ya tatu. Mkono wenye bendeji ukamshika begani, taratibu.

"Usoni usimpige, fundi," mama alisema kwa upole. "Watu wataona."