Kiti cha Sudi

Karani wa Bodi ya Kuzuia Ukatili kwa Watoto alimkuta Mama Sudi uani, akichambua mchele. Kando yake, mkekani, kilikuwapo kisanduku chenye sauti na akili ya marehemu mwanawe. Sheria ilitaka kila bodi iwe na mtoto mmoja aliyeuawa kwa kipigo, na mama ndiye amtunze baina ya vikao. Miaka minne alikuwa akimbeba mgongoni kwa kanga hadi ofisini, na Sudi akipiga kura kama wajumbe wengine.

"Sheria imebadilika, Mama Sudi," karani alisema. "Wajumbe sasa ni watu wazima watupu."

"Kwani amekosa nini?"

"Hajakosa. Anauliza maswali mno, vikao haviishi."

"Basi niachieni mwanangu hapa nyumbani."

"Kisanduku ni mali ya Serikali, mama yangu. Kitazimwa leo. Weka dole gumba hapa."

Akaweka. Karani akakibana kisanduku kwapani kama mkate.

"Mama," Sudi akaita, "mbona hunibebi wewe?"

Mama Sudi akaurudisha ungo wa mchele mapajani.

"Mama, nimefanya nini?"

Ndilo swali alilolisikia kupitia ukutani siku ile baba wa kambo alipojifungia chumbani na Sudi, mkanda mkononi. Siku ile pia alikuwa na ungo mapajani. Karani alipofika mlangoni sauti ilikuwa bado inauliza, na Mama Sudi akainamisha kichwa, akaendelea kutoa chuya, moja moja.