Nyuma ya Shuka

Mwalimu Saturnini alipiga meza kwa ngumi, kikombe cha Padre kikaruka.

"Asipewe komunyo! Na tangazo la tatu lisisomwe!"

Dorotea alisimama mbele ya meza ile, kanga ameibana shingoni kwa mikono miwili. Alikuwa ameshatangazwa kanisani mara mbili pamoja na mchumba wake Gaudens, kijana wa Ruangwa aliyeendesha trekta la kung'oa visiki kwenye mashamba mapya ya karanga hapa Nachingwea. Jumapili ijayo lingesomwa tangazo la tatu, halafu ndoa. Sasa ndoa hiyo ilikuwa mikononi mwa katekista huyu mwenye hasira, na Padre mgeni ambaye Kiswahili chake bado kilikuwa cha kuombea maji.

Kosa lake? Kosa lake ni kwamba alishikwa.

Jumamosi Padre alileta sinema kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashamba, picha ya mwana mpotevu wa kwenye Injili. Watu walitoka mpaka Mtua na Nambambo, Wakristo kwa Waislamu, maana wengi walikuwa hawajawahi kuona picha inayotembea. Shuka jeupe lilitundikwa kati ya miti miwili. Aliyepanga watu wakae wapi ni Mwalimu Saturnini mwenyewe. Kwake yeye, mwanamume na mwanamke hawawezi kukaa jamvi moja shetani asikae katikati. Wanaume wakakaa mbele, upande wa mashine. Wanawake wakapelekwa nyuma ya shuka. Walinung'unika, lakini nani angewasikiliza?

Picha ilikuwa bubu. Kijana alichukua urithi wake, akaenda nchi ya mbali, akavaa, akanywa. Ilipofika karamu, wanawake wa mjini wanamzunguka, mkono wa mtu ulitokea gizani nyuma ya Dorotea ukamkamata kifuani. Dorotea alipiga yowe. Padre akazima mashine palepale, na karabai ilipowashwa huyo mwanamume alikuwa ameshatokomea kwenye mihogo. Ilikuwa mara ya kwanza picha ile kuonyeshwa, na haikuwashwa tena.

Basi badala ya kumtafuta mwanamume, wakamwita Dorotea. Ndiyo haki ya watu hawa: aliyeporwa aulizwe kwa nini alibeba mali.

"Alimwita mwenyewe huyo mtu wake," alisema Saturnini. "Mwanamke mwenye heshima hashikwi. Mimi nilikuwa mbele na wanaume wenzangu, mwanzo mpaka mwisho, na yowe lake nililisikia. Halikuwa yowe la mtu aliyeogopa."

"Yowe la mtu asiyeogopa likoje, Mwalimu?"

Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya Mwantumu, Mwislamu mkulima wa ufuta, jirani yake Dorotea, ambaye Jumamosi alikaa naye jamvi moja.

"Mimi nilikuwa naye," aliendelea. "Hakumwita mtu. Sote tulikuwa tunahangaika na hiyo picha yenu. Mmetutupa nyuma ya shuka, hata maandishi yanakwenda kinyumenyume, binti yangu anayesoma shule kashindwa kusoma hata neno moja!"

"Hii ni kesi ya kanisa, mama. Ushahidi wako hapa haupokelewi."

Mwantumu akasonya, lakini hakuondoka.

Dorotea hakuumizwa sana na maneno ya Saturnini. Alichoumizwa nacho ni Gaudens, aliyekaa kwenye benchi na wanaume wengine, macho ameyaelekeza miguuni.

"Gaudens," alimwita. "Na wewe unaamini?"

Gaudens alizidi kuinama. Alimpenda Dorotea, na tangu Jumamosi wenzake wa matrekta walikuwa wanamcheka. Alikuwa na hasira, ila hakujua amkasirikie nani.

Padre alikohoa. "Lakini, Mwalimu, picha ni Injili. Picha nzuri."

Hapo Saturnini akapandwa na hasira kabisa.

"Injili gani, Padre? Miaka kumi na mitano nafundisha sala hapa. Nakataza ngoma, nakataza pombe, nakataza vijana kuwatazama wasichana kisimani. Wewe unakuja kutuwekea makahaba kwenye shuka! Ndiyo maana wasichana wanaharibika. Na huyo kijana wenu hata adabu ya kula hana. Nyama anaichukua kwa mkono wa kushoto! Kushoto, Padre, mbele ya watoto! Halafu kwa mkono huohuo anamlisha mwanamke mdomoni. Sikuhadithiwa na mtu. Nimeona kwa macho yangu haya mawili!"

Wanawake waliojazana mlangoni waliguna kumkubalia. Hata Mwantumu, pamoja na chuki yote aliyokuwa nayo, aliitikia kwa kichwa.

"Kwa hilo kasema kweli," alisema mmoja. "Kushoto kabisa. Tuliona kinyaa wote huku nyuma."

"Mnasikia?" Saturnini alifoka. "Picha ya namna hiyo, na msichana wa namna hii!"

Padre alionekana kuchoka. Akavuta daftari la matangazo ya ndoa, akafungua ukurasa, akachovya kalamu kwenye wino na kuanza kulitafuta jina la Dorotea ili alikate. Dorotea alifumba macho.

Gaudens akainua kichwa. Akawatazama wanaume wenzake pale kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, nao wakamtazama. Kisha akasimama.

"Mwalimu," alisema, "sisi wote tuliokaa mbele tulimwona yule kijana wa kwenye picha anakula kwa mkono wa kulia."