Andika Mbili

Asubuhi baada ya kuongezewa damu, bibi mshonaji alishindwa hata kuinua kikombe cha maji. Muuguzi wa wodi ya wasiopona alimnywesha, kisha akafungua fomu ya utafiti: je, damu huwapunguzia uchovu wanaokaribia kufa?

"Bibi, kwa sifuri hadi kumi, uchovu wako leo umefika ngapi?"

"Andika mbili."

"Lakini kikombe kimekushinda."

"Mimi safari yangu imeiva, mwanangu. Mkisema damu haisaidii, wenzangu watanyimwa."

Kidole gumba chake kilikuwa na sugu ya mkasi. Muuguzi alikitazama kwa muda. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi siku nyingi kwa kuuguza wanaokufa.

Aliandika tisa.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Bibi."