Madawati Yanayomfuata Mgeni

Madawati sitini yaliletwa shuleni Jumatano asubuhi, na kabla hayajashushwa yote Devota alikuwa ameshaamuru yapakiwe tena.

"Mama, mimi dereva tu," alisema Zaidi, ambaye siku nyingine lori lake lilibeba mahindi kwenda sokoni Kibaigwa. "Wiki iliyopita nimebeba makochi, leo madawati. Kesho mtanipakiza na choo."

Mwalimu mkuu, Bartolomayo, alitoka ofisini amekumbatia chombo cha maua ya plastiki. Hata maua hayo hayakuwa yake. Katika kata ile, vitu vizuri vilikuwa na tabia ya kumfuata mgeni: shule iliyotarajia mkubwa iliazimwa na jirani zake madawati, makochi na vitambaa vya meza, na mkubwa akishaondoka kila kitu kilirudi kwao. Hakuna aliyeona kosa. Ulikuwa ujirani mwema.

"Mgeni anakuja kesho kutoka Mtumba, Mama Erica," alisema Bartolomayo. "Akute watoto wako chini? Ni aibu."

"Aibu ya nani, mwalimu? Wewe una kiti."

Devota alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Katika miaka miwili alikuwa ameiandikia serikali barua saba za kuomba madawati, na mbili alizipeleka kwa mkono wake hadi ofisi za serikali kule Mtumba, akasubiri kwenye korido yenye vigae vinavyong'aa kuliko sahani zake. Mwaka jana mgeni mmoja alikuja kweli. Alikuta madawati ya kuazima na maua ya kuazima, akawapongeza kwa maendeleo, akaahidi kuwaletea mpira wa miguu. Hata huo mpira haukufika.

Hali yenyewe ilikuwa hivi: wanafunzi mia nne na kumi na wawili, madawati arobaini. Erica, bintiye Devota wa darasa la nne, alikaa kwenye dawati Jumatatu na Jumatano. Siku nyingine aliandikia magotini. Mwezi uliopita alichonga jina lake kwenye dawati kwa ncha ya bikari ili asiporwe zamu, na mama yake akamgombeza mbele ya darasa zima.

Madawati sitini ya jirani yalipokwisha kupakiwa, Devota alionyesha madarasani. "Na haya arobaini pia."

"Hayo ni ya kwetu!" alisema Bartolomayo.

"Ndiyo maana. Mgeni akiona dawati moja ataandika kwamba tunayo. Yakalale kwa Mwalimu Generosa mpaka Ijumaa. Kule hakuna mgeni."

Mwalimu Generosa ndiye aliyeongoza shule ya ng'ambo ya korongo, wenye yale madawati sitini. Zaidi aliondoka na mzigo. Bartolomayo alirudi ofisini na maua yake. Hayo alikataa katakata kuyatoa.

Alhamisi saa nne gari la serikali lilifika. Lilitokea upande wa korongoni, si upande wa barabara kuu, na Devota alidhani dereva amepotea. Alishuka bwana mmoja mwenye daftari na viatu vilivyojaa vumbi jekundu, akajitambulisha kuwa ni Abdulswamadu.

Darasa la kwanza aliloingia lilisimama. "Shikamoo, mgeni wetu!"

"Marahaba. Kaeni," alisema, na watoto wakashuka sakafuni wote kwa pamoja, kama pazia lililokatwa kamba. Abdulswamadu alitazama kulia na kushoto, akaandika.

Aliingia madarasa yote. Alihesabu, akapima kuta kwa hatua, akahesabu tena. Simu ya Devota ilitetemeka: Zaidi. Akaikata. Ikatetemeka tena. Akaizima kabisa.

"Mimi siamini maneno, naamini macho yangu," alisema Abdulswamadu walipotoka uani. "Shule nyingine nafika nakuta maua ya plastiki."

Bartolomayo alisogea taratibu, akausitiri mlango wa ofisi yake kwa mgongo.

"Hapa hatufichi kitu, mheshimiwa," alisema Devota.

"Nimeona. Na barua zenu saba nimezisoma. Mama, madawati mtapata, tena leo hii. Nikitoka hapa ombi lenu nalifunga, limetekelezwa."

Wazazi waliokusanyika walipiga vigelegele. Mmoja alikimbilia nyumbani kuleta jogoo. Devota alijikuta ameshika mkono wa Bartolomayo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wala hakulipenda.

"Leo, mheshimiwa? Yanatoka wapi?"

"Huwa napita kwanza mahali ambapo sitarajiwi," alisema Abdulswamadu. "Asubuhi nilianzia hapo ng'ambo ya korongo. Watoto wote wamekaa, na bado kuna madawati yamerundikwa nje ukutani, hayana wa kuyakalia. Nikamuuliza Mwalimu Generosa ni ya nani. Akaniapia kwamba si ya kwake. Sasa serikali inunue mapya ya nini? Nikatafuta lori."

Honi ililia barabarani. Zaidi aliingiza lori uani, macho kayakaza mbele kama mtu anayeendesha kwenye ukungu.

Madawati yalishushwa. Abdulswamadu aliyahesabu, arobaini kamili, akamtolea Devota fomu ya mapokezi. Devota akatia sahihi. Kisha akaombwa akae kwenye dawati la mbele apigwe picha ya kuambatanisha na ripoti.

"Tabasamu, mama."

Devota alisogeza kiwiko kidogo mpaka kikalifunika jina la Erica, akatabasamu.