Kata

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, msitafute mwingine. Muuza nyama mzima nilipewa nafasi ya muuaji kwenye filamu ya kutisha, na shemeji yangu kalazwa mezani, mkono kaunyoosha, anapiga mayowe.

Mwongozaji alikataa panga la mbao. "Bila chuma cha kweli, nani ataogopa?"

Nikanyanyua panga langu la buchani. Akapaza sauti, "Kata!" Alimaanisha kamera izimwe, lakini buchani kwangu neno hilo lina maana moja tu.

Kidole gumba cha shemeji kiliruka, kikatua juu ya kiatu changu. Damu ikanipiga mdomoni.

"Msizime!" mwongozaji akasema. "Kwa hiki, watu wataitazama."

Shemeji akanipokonya panga kwa mkono uliobaki mzima, akamgeukia mwongozaji.

"Basi weka na chako hapa, bosi. Waitazame mara mbili."