Viganja vya Msasa

Msasa alikuwa amekatazwa kushika jembe. Tangu mvua za kwanza alishinda kibarazani, mikono ameipaka mafuta ya mgando na kuivika mifuko ya nailoni, akimtazama mkewe akilima peke yake.

"Bwana harusi!" jirani alimtania akipita. "Sherehe lini?"

Msasa akaikaza mifuko mikononi. Jina hilo la Msasa alilipata kwa viganja vyake: ukimpa mkono, ulihisi umeshika karatasi ya kusugulia mbao.

Msimu uliopita mashine ya alama za vidole pale ofisi ya kilimo ilikikataa kidole chake, ikakikataa na cha mkewe. Jembe lilikuwa limefuta mistari yote. Pesa za ruzuku zikawapita hivi hivi, mahindi yakadumaa kwa kukosa mbolea, na nusu ya shamba wakamkodisha kaka yake Msasa ili watoto wasifukuzwe shule. Wakikosa tena, itakwenda na nusu iliyobaki.

Shamba liliandikishwa kwa majina yao wote wawili; mmoja akisomwa na mashine, inatosha. Mkewe ndiye aliyekata shauri.

"Ulipolazwa ule mwaka, viganja vyako vililainika kama vya karani, mistari ikarudi. Wewe kaa, baba watoto. Mimi nitalima."

"Watu watasemaje?"

"Waseme. Wakichoka watanyamaza."

Kaka yake naye alipita siku moja, akaitupia macho ile nusu iliyobaki kama mtu anayepima nguo dukani.

"Mnahangaika bure, mdogo wangu. Msimu uliopita wenye maduka walijiandikisha kuwa wakulima, wakalamba pesa. Nasikia safari hii serikali imechachamaa."

"Na ichachamae. Hayo hayatuhusu sisi."

Jioni mkewe alirudi amepinda mgongo, viganja vimechanika. Msasa akainuka kumpokea jembe. Mkewe akalisogeza mbali naye.

Siku ya malipo ikafika. Msasa akafuta mafuta kwa kitambaa safi, akaweka kidole gumba kwenye mashine.

Taa ya kijani ikawaka. Mkewe akamfinya bega, akashusha pumzi.

"Subiri kidogo, mzee," akasema ofisa wa meza ya pili, ambaye hawakuwahi kumwona. "Nionyeshe viganja."

Akavipapasa polepole, kimoja baada ya kingine. Uso ukamkunjamana.

"Duka lako liko wapi?"

"Sina duka. Mimi ni mkulima."

"Huko kwenu wanakuitaje?"

"Msasa."

Ofisa akacheka mpaka akavua miwani. Huko nyuma kwenye foleni, yule jirani, utani ukiwa bado haujamwisha, akapaza sauti: "Bwana harusi huyo! Msimu mzima yuko kibarazani!"

Ofisa akaacha kucheka. "Mwingine!"

Mkewe akajipenyeza mbele, akatandaza mikono yake mezani: sugu, mipasuko, udongo ulioshindikana kwa sabuni.

"Na langu jina limo," akasema. "Shamba ni letu sote."

Ofisa akaitazama mikono ile kwa muda. Akainuka kitini, kama mtu anayempisha mkubwa wake.

"Hii sasa ndiyo mikono ya mkulima," akasema. "Pita kwenye mashine, mama. Weka kidole."